Mwaka Tuliomvua Khalifa Cheo

“Mabinti tu. Wa kiume hakujaliwa.” Ndivyo alivyojibiwa binti mmoja mgeni alipouliza marehemu ameacha watoto gani. Tulikuwa tumekaa mikekani uani, Kisarawe, tunachambua mchele wa pilau ya hitma ya arobaini ya Khalifa, na aliyejibu alikuwa dada mmoja wa mtaa ule ule, mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Alijibu bila hata kuinua macho kwenye ungo. Mimi niliinua yangu. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na kupitia ukumbini nilikuwa namwona Salumu, mtoto wa kiume wa Khalifa, wa kumzaa mwenyewe, kakaa kwenye kiti cha plastiki barazani pamoja na watu waliotoka mbali, kidevu kimejaa mvi, anapokea pole kwa aibu kama mtu anayepokea kitu cha mwenzake. Nilitaka kumrushia yule dada ungo na mchele wake. Mimi, ambaye nyumbani kwangu wananiita redio, nilikaa kimya, kwa sababu ningeanzia wapi? Ningelazimika kuanzia Kibaha, kwenye banda la uani kwa baba yangu, tena katika nchi ambayo haikuwahi kuwepo duniani.

Nchi hiyo iliitwa Ruvia. Habari za ukoo wangu naziruka, hazimsaidii mtu; itoshe kusema tulikuwa Walutheri wa kutoka bara, baba kahamishiwa Kibaha kikazi, na nyumba tuliyopewa ilikuwa na banda uani ambalo hakuna aliyejua la nini. Ruvia ilizaliwa darasani. Mwalimu wetu wa siasa alitupa zoezi: tungeni nchi, muiandikie katiba, muitetee mbele ya wenzenu. Kundi letu tulikuwa watatu. Salumu alikuwa kijana mrefu, mpole, fundi wa fizikia, anayeongea kama mtu anayeomba samahani. Yusufu wa Mlandizi alikuwa mfupi wa umbo na mrefu wa ulimi. Kaka yake alikuwa amerudi kutoka kusoma dini nje, na toka siku hiyo Yusufu alipandisha suruali juu ya vifundo vya miguu akaanza kumsahihisha kila mtu, kuanzia mpishi wa shule. Hao wawili wakataka nchi ya Kiislamu. Jina walilitoa kwenye mto Ruvu, maana Yusufu alisema nchi isiyo na mto ni kiwanja tu. Nikauliza, na mimi je, nitakuwa nani humo? “Wewe utakuwa Spika,” Yusufu akasema, “kwa sababu huna upande.” Ndivyo binti wa Kilutheri nilivyokuwa Spika wa Baraza la Dola ya Kiislamu ya Ruvia, na niseme ukweli, cheo kile nilikipenda kuliko vyote nilivyokuja kupewa baadaye kazini.

Wenzetu walipomaliza mitihani ya kidato cha sita waliitupa michezo ya darasani. Sisi tukaihamishia Ruvia bandani kwetu, tukakaa nayo mwaka mzima wa kusubiri matokeo na vyuo. Banda lile bado naliona. Viti vya serikali vyenye namba za rangi nyeupe mgongoni, vitambaa vya mama vya kufuma juu yake, dirisha moja lisilo na kioo, na harufu ya mafuta ya taa iliyoganda kwenye ukuta. Mama alinunua sufuria mpya, akaifunga uzi mwekundu kwenye mpini, akatutangazia wote nyumbani: “Hii ni ya wabunge. Nikimkuta mtu kaitia kitimoto, atakula na sufuria yenyewe.” Humo ndimo alimopika makande ya nazi, na Salumu na Yusufu walikula bila wasiwasi wowote huku wakiendelea kugombana, mahindi mdomoni. Leo nikiwasikia watu wazima wanabishana redioni juu ya katiba, kila mmoja anamkata mwenzake kauli, nakumbuka jinsi sisi tulivyokuwa na adabu. Mtu alisimama, akaniinamia, akasema “Mheshimiwa Spika,” ndipo akaanza kumwita mwenzake mpumbavu.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya mkuu wa dola aitwe nani. Katiba ya kwanza ilisema ataitwa Khalifa, na cheo kitakwenda kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Hiyo tuliiandika haraka haraka shuleni, tupate alama. Kule bandani Yusufu akaikataa. Akasema Khalifa hayupo tena duniani, na hao wa tarika wanaojiita makhalifa kila wilaya ni wazushi. Mkuu wetu aitwe Amiri. Mimi nikauliza kwa nini asiwe Imamu. “Imamu anasalisha,” wakanijibu wote kwa pamoja. Sheikh? “Sheikh ni kila mzee mwenye kanzu safi.” Sultani? Wakacheka mpaka Salumu akapaliwa. Nilikuwa sielewi kwa nini kila Yusufu aliposema neno “wazushi” Salumu aliangalia sakafu. Nilikuja kujua baadaye, siku moja aliponisindikiza dukani, kwamba baba yake ndiye Khalifa wa tarika kwao Kisarawe. Ndiye aliyeongoza zikri, aliyefungua maulidi, aliyewapa watoto majina na kuwaombea wagonjwa. Jina lake la kuzaliwa hakuna aliyelitaja. Mkewe alimwita Khalifa, dada yake alimwita Khalifa, hata muuza machungwa barabarani. “Na baada yake?” nikamuuliza. Salumu akapiga jiwe teke. “Baada yake kuna mimi,” akasema.

Sisi nasi tulikuwa tumefanya jambo moja ambalo hatukuliona. Tuliipa Ruvia mito, bandari, mawaziri, mpaka mbuga ya wanyama tukaipa jina. Khalifa wa Ruvia, mzee wa kubuni aliyekaa kwenye kiti kabla ya mabadiliko ya katiba, hatukumpa jina. Tulimwita Khalifa tu. Nani angejua?

Siku yenyewe ya kura ilikuwa baada ya alasiri, jua linachoma bati. Salumu alisimama, na badala ya kutetea jina la Khalifa kama nilivyotarajia, akaleta hoja yake mwenyewe, ya urithi. “Mheshimiwa Spika,” akasema, “kuna mtu katika nchi hii hajaulizwa. Mtoto wa Khalifa. Toka anatambaa watu wazima wanambusu mkono. Akicheza mpira anaambiwa mtoto wa Khalifa hachezi mpira. Akishinda hesabu wanasema vizuri, zitamsaidia kugawa mirathi. Hakuna aliyemuuliza. Mimi nasema cheo hiki kisirithiwe tena. Mtoto huyo aachwe. Akitaka kujenga madaraja, ajenge madaraja.” Sauti yake ilikuwa imepanda. Yusufu akasimama, mpole kabisa, akasema anaunga mkono, ila aongeze kidogo: Khalifa aliyepo avuliwe cheo, mwanawe asirithi, Baraza limchague Amiri. Nikamtazama Salumu. Akaitikia kwa kichwa.

Nikagonga meza kwa kijiko cha makande. “Wanaoafiki Khalifa avuliwe cheo waseme ndiyo!”

“Ndiyooo!” wakapiga kelele wote wawili, na ya Salumu ilikuwa kubwa kuliko ya Yusufu, kelele ya mtu aliyebana pumzi muda mrefu.

“Nadhani walioafiki wameshinda,” nikasema, na tukapigiana makofi kama wendawazimu. Tulipotoka nje tulikuta bakuli la vitumbua kwenye kizingiti, limefunikwa sahani, vya moto bado. Salumu akalitambua: lilikuwa bakuli la shangazi yake, Bi Kidawa, dada wa Khalifa, ambaye Salumu aliishi kwake Misugusugu mwaka ule. Alikuwa mama mnene, mcheshi, anauza vitumbua kando ya barabara, na mara nyingine alituletea vilivyobaki. Tukashangaa mbona hakubisha hodi. Tukavila vyote.

Bi Kidawa alikuwa amesimama chini ya dirisha lile lisilo na kioo. Ili mtu amwelewe ni lazima ajue yaliyokuwa yanaendelea Kisarawe, ambayo Salumu hakutuambia. Vijana wa msikiti wa baba yake walikuwa wanataka katiba, katiba ya kweli, iliyosajiliwa, yenye mwenyekiti na katibu, na ndani yake neno Khalifa lisiwemo. Mzee alikuwa anaumwa kifua na kila siku anasikia katiba, katiba. Sasa dada yake anakwenda zake na bakuli la vitumbua, anasikia kwa masikio yake sauti ya kike ikiuliza kama Khalifa avuliwe cheo, na sauti ya mtoto aliyemlea ikijibu ndiyo. Kwake yeye Khalifa alikuwa mtu mmoja tu chini ya jua. Kesho yake alfajiri aliacha biashara yake, akapita njia ya Mzenga ingawa mvua zilikuwa zimeiharibu, akaenda kumwambia kaka yake kwamba vijana wamefungua tawi Kibaha, spika wao ni Mkristo, na Salumu yumo. Alikosea kila kitu, maskini, isipokuwa jambo lenyewe.

Ujumbe ukaja: Khalifa anawaita, wote, pamoja na huyo Spika. Yusufu alicheka njia nzima, akasema tukifika tutamweleza mzee na yeye atacheka. Salumu hakucheka. Tulipokelewa na mama yake, Bi Zuhura, mwanamke mwembamba aliyenishika mkono bila kuuachia, akatuingiza kwenye chumba cha zikri. Chumba kilikuwa kirefu, majamvi kutoka ukuta hadi ukuta, matari yametundikwa juu, harufu ya ubani imeingia mpaka kwenye dari. Khalifa alikuwa ameegemea mto pembeni. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mtu wa kutisha. Alikuwa mzee mwenye kikohozi, soksi za sufu miguuni na macho ya Salumu. Shikamoo zikapita. Tukaletewa mihogo ya nazi na chai ya tangawizi, na hakuna aliyegusa.

“Wewe ndiye Spika?” akaniuliza.

“Ndiyo, Khalifa.”

“Ulipiga kura?”

“Spika hapigi kura, Khalifa. Labda zikilingana.”

“Zililingana?”

“Hapana.”

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kukinunua. Hapo Yusufu akaingia kati, na nilichokiona sijakisahau. Yule mtu wa wazushi, wa suruali fupi, alipiga magoti kwenye jamvi, akasema kwa sauti ya kubembeleza: “Khalifa, tusamehe, Khalifa. Ni mchezo. Nchi ya kubuni, Khalifa, haipo. Huyo tuliyemvua si wewe, Khalifa.” Alilitaja neno lile mara nyingi kuliko nilivyowahi kulisikia likitajwa, na Mungu wangu, alikuwa anasema kweli kabisa. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Nikaona mabega yake yanashuka, anaanza kupumua. Alikuwa anataka kuamini. Bi Zuhura mlangoni akasema “Alhamdulillahi” kwa sauti ndogo. Ingeishia pale. Mara nyingi nimekaa nyumbani kwangu nikajiambia, ingeishia pale.

“Mchezo,” Khalifa akasema, na akageuka kwa mwanawe, karibu anatabasamu. “Nawe ulikuwa unacheza?”

Salumu alingoja kikohozi kilichomjia baba yake kipite. “Wao walikuwa wanacheza,” akasema. “Mimi hapana, baba.”

Nilimfinya. Kweli, nilinyoosha mkono nikamfinya paja mbele ya baba yake. Hakujali.

“Basi ungeniambia mimi,” mzee akasema. “Mimi si nipo? Umekwenda kuliambia baraza.”

“Ningekwambiaje? Humu ndani nikitaka kuzungumza na baba, nazungumza na Khalifa.”

Sijui kama alikusudia neno lile liwe kali vile. Lilitoka kwa sauti yake ile ile ya kuomba samahani. Lakini mzee alilipokea kifuani. Mkono wake ulikwenda pale pale kinapoanzia kikohozi, ukabaki hapo. Nimezaa, nimelea, nimejibiwa na wanangu maneno ya kukatisha tamaa, na bado siwezi kusema nani alikuwa na haki ndani ya chumba kile. Miaka ya ujana nilikuwa upande wa Salumu mzima mzima. Niliona mzee mmoja mbinafsi anayetaka kumzika kijana ndani ya kanzu yake. Sasa nikilikumbuka lile tabasamu lililokuwa linaanza, roho inaniuma. “Nimesikia,” Khalifa akasema. Akatuambia tule mihogo, imepoa.

Yaliyofuata niliyasikia kwa Bi Kidawa, ambaye alikuja nyumbani kwetu Kibaha akakaa jikoni kwa mama akilia kwa kwikwi, kanga imelowa. Ijumaa, baada ya swala, Khalifa alisimama mbele ya watu wote. Walidhani anakwenda kuwajibu vijana wa katiba. Akamwita Idi, mtoto wa marehemu kaka yake, kijana mkulima wa muhogo asiye na makuu, akamvika kilemba na kusema huyu ndiye atakayeshika baada yangu. Mtu mmoja akauliza, na Salumu? Khalifa akajibu kwamba Salumu ameomba ruhusa na amepewa. “Hakumtukana,” Bi Kidawa alikuwa anarudia, “jamani, hakumtukana hata neno moja. Mimi nilisema nilichosikia tu. Mimi nilisikia Khalifa!” Mama akamwekea chai na kumpigapiga mgongoni. Mimi nilikimbia Misugusugu kumtafuta Salumu, nikamkuta anafua mashati nyuma ya nyumba, anapiga mluzi. “Spika!” akaniita. “Hoja imepita!” Alikuwa na furaha, na mimi nikafurahi pamoja naye. Alikuwa ameogopa ugomvi, laana, kufukuzwa nyumbani. Amepewa ruhusa, kwa heshima, mbele ya watu. Yusufu alipofika alisema hata Ruvia isingefanya vizuri zaidi.

Kikao cha Ruvia hakikuitishwa tena. Hatukukubaliana hivyo, ilitokea tu. Kila mmoja alipofika bandani alizungumza habari za mpira au vyuo. Nafasi ya Salumu ya uhandisi ikatoka, na kabla ya kwenda chuoni akaniomba nimsindikize Kisarawe kuaga. Alikuwa hajafika kwao toka siku ile. Alinunua sukari, majani ya chai na kofia nzuri ya baba yake, akawa anaitoa kwenye mfuko kila mara kuitazama. Tulifika mchana, chakula kikiwa tayari. Katika nyumba ile wanaume walikula pamoja chumbani kwa Khalifa, kwenye sinia moja lililowekwa juu ya jamvi, Khalifa upande wa ukutani. Salumu aliniambia hakumbuki kuanza kula hapo. Toka meno yalipomuota mkono wake ulikuwa kwenye sinia lile, upande wa kulia wa baba yake, na vipande vizuri vya samaki baba yake alivisukuma kimya kimya vikaja kwake. Wageni walikaribishwa ukumbini, kwenye meza, kila mtu na sahani yake. Basi tuliposalimia, mzee akajibu vizuri kabisa, akauliza habari za safari, akaipokea kofia kwa mikono miwili na kuisifu. Kisha sinia likapita, Idi akakaa kulia kwa Khalifa, na Salumu akavua viatu ili aingie chumbani.

“Zuhura,” Khalifa akaita kutoka ndani, “mbona hamjawatengea wageni?”

Salumu akabaki mlangoni, kiatu kimoja mkononi. Bi Zuhura alitoka jikoni amebeba sahani mbili, zile za maua zinazotoka kabatini kwa ajili ya watu wa mbali, akaziweka mezani, moja yangu na moja ya mwanawe. Akarudi na birika na bakuli. Akamnawisha mikono mtoto wake kama anavyonawishwa mgeni, anamwaga maji kidogo kidogo, na hakuthubutu kumtazama usoni. Salumu akaja akakaa karibu yangu. Alikuwa amewekewa kipande kikubwa kuliko vyote, kichwa cha samaki, wali umejaa mpaka ukingoni. Akala. Nilimwona anavyomeza kwa shida, machozi yanashuka mpaka mdomoni, anakula nayo, hakuacha hata punje. Mlango kati yetu na wao ulikuwa wazi na tulisikia vidole vyao vinakwangua sinia. Alipomaliza alisubiri kidogo, nadhani alikuwa bado anangoja kuitwa. Halafu akasema kwa sauti, kama wasemavyo wageni wenye adabu, “Tumeshukuru sana.”

“Karibu tena, mgeni wetu,” baba yake akajibu.